Hivi kwa nini mkanda wa video unatembea taratibu kuliko kaseti ya redio?

Msaka Ming'oko (Mtwara)

Wakuu habari za jioni, wa Lindi, wa Mtwara na popote mlipo. Nina swali limeshaleta ubishi hapa kijiweni Magomeni mpaka watu wazima wananuniana kwenye kahawa.

Kuna deki ya VHS ya baba mdogo nilikuwa naifufua, nikafungua mfuniko wa juu nikaiacha inacheza ili nione inavyofanya kazi. Aisee ule mkanda unatembea taratibu mpaka unaweza kudhani umekwama. Nikachukua redio kaseti nikafungua kile kimlango nao nikauangalia, ule wa redio kwa macho tu unakimbia zaidi. Sasa hapo ndo akili yangu ikagoma. Sauti si kitu kidogo kuliko picha jamani? Picha ina rangi, ina watu wanakimbiza mpira, na sauti yenyewe imo humohumo, imekuwaje mkanda wake ndo uwe mvivu? Mi nilitegemea uende mbio balaa.

Nilipolipeleka kijiweni mzee mmoja akasema Wamarekani wa mwanzo kabisa mkanda wao wa TV ulikuwa unakimbia kilomita 30 kwa saa ndani ya chumba, watu wakacheka mpaka wakamwaga kahawa. Mwingine naye akadai kabla ya hapo TV ilikuwa hairekodiwi kabisa, ilikuwa wanaweka kamera ya sinema mbele ya kioo wanapiga picha ile TV yenyewe. Na huyo naye akachekwa.

Naombeni anayejua. Huyo mzee ana ukweli au anatupiga fiksi? Na kama redio walishaweza kurekodi kwenye mkanda mapema, TV iliwachelewesha nini? Msiniambie nigugo, nimegugo nikakuta michoro ya vichwa vinazunguka na kiingereza cha kutisha nikafunga.

Korosho Karanga (Newala)

Mkanda wa VHS mtu wa kusini huo, hauna papara 😂 wenye haraka watangulie

Mwl. wa Fizikia (Ruangwa)

Mleta uzi akili yako iko sawa kabisa, kuna kitu kimoja tu hujakiona. Kuna spidi ya mkanda na kuna spidi ya hedi, yaani kile kichwa kinachoandika na kusoma, juu ya mkanda. Kwenye redio kaseti hizo ni kitu kimoja kwa sababu hedi imekaa tu haiendi popote, kwenye deki ni vitu viwili tofauti.

Namba zako ni hizi. Kaseti ya redio inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, VHS ya mfumo wetu wa PAL ni sentimita 2.34, yaani macho hayakukudanganya, video ni kama nusu. Sasa lile dramu la kung'aa limekaa kiupandeupande humo ndani, lina kipenyo cha milimita 62, hedi zimefichwa ukingoni mwake na linazunguka mara 25 kila sekunde. Ukipiga hesabu hedi inausugua mkanda kwa karibu mita 4.85 kwa sekunde. Mita, siyo senti. Ni zaidi ya mara 100 ya redio kaseti yako. Kwa hiyo mbio zipo, ila hazipo kwenye mkanda ulikokuwa unaziangalia.

Mbio za nini? Hedi ni kisumaku chenye ufa mwembamba sana, na kila wimbi linaloandikwa linakula nafasi yake kwenye mkanda. Nafasi hiyo unaipata kwa kuchukua spidi ukagawanya kwa idadi ya mawimbi kwa sekunde. Wimbi likibanwa likawa dogo kuliko ufa, hedi inapita juu yake haisomi kitu. Sauti nyembamba kabisa anayosikia binadamu ni mawimbi 20,000 kwa sekunde, picha ya TV ya Wamarekani inafika milioni 4. Hiyo ni mara 200.

Chukua mashine ya studio ya redio ya miaka ya 1940, mkanda unakwenda inchi 15 kwa sekunde ambazo ni sentimita 38. Ikirekodi mawimbi 15,000, kila moja linapata milimita 0.025. Sasa waambie waandike mawimbi milioni 3 ya picha kwa nafasi hiyohiyo, mkanda utatakiwa uende mita 76 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 270 kwa saa. Kwa hiyo huyo mzee wa kilomita 30 hata hajazidisha chumvi, kinachotakiwa kushangaza ni hao jamaa walipunguzaje mpaka ikafika 30, na jibu ni kwamba walitengeneza hedi zenye ufa mwembamba zaidi na wakakubali picha mbaya.

Mstaafu wa Masafa (Lindi)

Wanangu naomba niingie, mimi nimekula umri wangu kwenye mitambo ya redio, mikanda ya rili nimeikata kwa wembe na kuiunga kwa gundi. Huyo mwenzangu wa Magomeni mlipieni kahawa yake, na huyo wa kamera mbele ya kioo naye mlipieni, wote wamesema kweli.

Mkanda wa sumaku kwa redio ni kazi ya Wajerumani. Kampuni ya AEG ilionyesha mashine yao ya Magnetophon mwaka 1935 pale Berlin, mkanda ukitengenezwa na BASF, na wakati wa vita wakaiboresha mpaka muziki wa mkandani ukawa hautofautiki na bendi iliyoko studio. Vita vilipoisha mwanajeshi mmoja wa Marekani wa kitengo cha mawasiliano, Jack Mullin, akaikuta hiyo mashine kwenye stesheni ya redio Bad Nauheim, akapata mbili, akazifungua vipandevipande akazituma kwao kwa posta pamoja na rili 50 za mkanda. Mwezi Mei 1946 akawaonyesha mainjinia wa San Francisco na watu wakabaki midomo wazi.

Aliyeifanya itoke ni mwanamuziki Bing Crosby, ambaye alikuwa hapendi kabisa kutangaza moja kwa moja. Kule kwao mashariki na magharibi wamepishana saa 3, ukitaka kipindi kisikike saa 2 usiku pande zote unakifanya mara mbili usiku mmoja. Yeye akaona upuuzi. Oktoba 1947 kipindi chake kikaanza kurushwa kutoka kwenye mkanda wa Mullin, na akatoa dola 50,000 kwa kampuni ndogo ya Ampex watengeneze hizo mashine kwa Wamarekani. Redio ikawa imepona.

TV ikabaki na ugonjwa uleule wa saa 3. Ndo hapo ikaja ile kamera ya filamu kuelekezwa kwenye kioo, kuanzia 1947 hivi ikawa kazi ya kawaida. Habari inasomwa New York, kule Los Angeles wanaipiga picha kutoka kiooni, filamu inakimbizwa maabara inasafishwa haraka haraka, na saa 3 zikitimia inarushwa ikiwa bado ina joto la mashine, picha imefifia ina ukungu lakini ndo hiyohiyo. Filamu iliyokuwa inaliwa hapo mtu hawezi kuamini, kufikia 1954 mitandao ya TV ya Marekani ilikuwa inatumia filamu nyingi kuliko studio zote za Hollywood. Ndo maana kila mtu akawa anautafuta mkanda kwa udi na uvumba, mkanda hausafishwi maabara na ukimaliza unaufuta unatumia tena.

Sasa ya kilomita 30. Tarehe 11 Novemba 1951 Mullin na mwenzake Wayne Johnson, wakiwa kwenye kampuni ya huyohuyo Crosby, wakaonyesha Los Angeles picha ya TV kutoka kwenye mkanda. Walichukua Ampex 200, mashine ya sauti, wakaigeuza mkanda wa robo inchi uende inchi 360 kwa sekunde. Piga hesabu mwalimu, mita 9 na kidogo kwa sekunde, kilomita 33 kwa saa. Waandishi waliokuwepo wanasema picha ilikuwa ya ukungu hata watu huwatambui vizuri. Mwaka uliofuata wakaja na mkanda mpana wa inchi 1, picha ikatulia ila bado ikawa na chenga mtu ukadhani filamu iliyochakaa.

Na wakubwa wa RCA, kampuni kubwa ya redio na TV kule Marekani, wakaingia. Bosi wao David Sarnoff mwaka 1951 aliwaambia watafiti wake anataka kama zawadi, ikifika 1956 akitimiza miaka 50 kazini, mashine ya kurekodi TV. Bosi kaagiza mbele ya watu, nani atakataa. Tarehe 1 Desemba 1953 wakaionyesha Princeton, mpaka ya rangi ikiwemo, na mkanda ulikuwa kwenye hizohizo inchi 360. Rili ya kipenyo cha inchi 17, kubwa kuliko sinia la pilau, ikawa inaisha kwa dakika 4. Dakika 4! Ukitaka kipindi cha saa nzima unahitaji mkanda wa kilomita 33, yaani utoke Mtwara mjini ufike Mikindani, urudi, halafu uende tena.

Msaka Ming'oko (Mtwara)

Mzee shikamoo. Dah, nimesoma hii kwa sauti hapa kijiweni, mzee wetu kavimba kichwa hakai chini 😂😂 anataka na kashata juu yake.

Mwalimu nimekupata ya spidi mbili. Sasa ilikuwaje wakatoka kwenye mkanda wa kukimbia wakaja kwenye dramu la kuzunguka, nani huyo aliyekaa akawaza hivyo? Maana RCA ndo wakubwa na mzee kasema wamekwama dakika 4.

Fundi Waya (Ligula, Mtwara)

Mzee wangu shikamoo, mbio za mkanda umezimaliza, hapa pa kuzunguka niachie mimi maana hedi za deki ndo zimenisomeshea watoto.

Waliopasua ni haohao Ampex wadogo aliowasaidia Crosby. Mwanzoni mwa 1952 wakamchukua injinia anaitwa Charles Ginsburg wakampa chumba, na msaidizi wake alikuwa dogo wa miaka 19 bado mwanafunzi, Ray Dolby. Ndiyo, Dolby huyohuyo ambaye baadaye jina lake likaandikwa kwenye kila kaseti deki ya maana. Wazo la kuzungusha hedi lilitoka kwa Marvin Camras wa taasisi ya utafiti ya Armour kule Chicago, wao wakalibeba.

Kwa wale ambao bado giza, fikiria mbuzi ya kukunia nazi. Nyumbani mbuzi imetulia, mkono ndo unahangaika kuzungusha kifuu, ukitaka haraka mkono unachoka na nazi inaruka. Nenda sasa pale sokoni kwenye mashine, jamaa anasogeza kifuu polepole tu, meno ndo yanazunguka kwa mota, na dakika mbili nazi imeisha. RCA walibaki wanazungusha kifuu kwa nguvu zaidi, Ampex wakatia mota kwenye meno. Basi.

Ila haikuwa mteremko. Walianza na hedi tatu zinazochora mkanda kwa mikunjo ya upinde, picha ikaja ila inayumba, na Juni 1953 mabosi wakausimamisha mradi, dogo Dolby naye kaitwa jeshini. Agosti 1954 ukafufuliwa. Awamu hiyo wakaweka hedi nne kwenye kigurudumu cha kama inchi 2, kimesimama wima, kinauchora mkanda kwa upana wake kutoka ukingo huu mpaka ule. Mkanda wenyewe una upana wa inchi 2 na unatembea inchi 15 kwa sekunde, spidi ileile ya redio aliyoitaja mwalimu! Kigurudumu ndo kinapiga mizunguko 14,400 kwa dakika. Mara 240 kila sekunde, mara hedi nne, michirizi 960 kwa sekunde, na hedi inapita juu ya mkanda kama mita 39 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 140 kwa saa na mkanda wenyewe unajikokota zake, saa nzima inaingia kwenye rili moja.

Na hapo bado kulikuwa na ugonjwa ambao fundi yeyote wa deki ataujua. Hedi nne haziwezi kugusa mkanda kwa uzito mmoja, moja inabana moja inalegea, kwa hiyo kama mwanga wa picha umeandikwa kwa nguvu ya wimbi, kioo kinajaa mapande mapande ya giza na mwanga. Huyu Charles Anderson aliyekuja kujiunga nao ndo akasema tuandike kwa FM. Mwanga ukizidi masafa yanapanda, ukipungua yanashuka, nguvu ya wimbi ipande ishuke hainihusu. Ilikuwa mapema 1955 na hapo ndo picha ikakaa. Kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa shoti ya ushindi, maana gurudumu lilikuwa linazunguka siku zote na picha bado mbovu, watu wanasifia gurudumu kwa sababu linaonekana kwa macho.

Tarehe 14 Aprili 1956 wakaipeleka Chicago kwenye mkutano wa watu wa TV. Mkubwa mmoja wa CBS, mtandao wa TV wa Marekani, akawa anahutubia wenye stesheni, wanamuona na kwenye TV zilizotundikwa ukumbini. Akamaliza, mkanda ukarudishwa, ghafla wanamuona yuleyule anahutubia tena kwenye TV na mwenyewe amesimama pale kafunga mdomo. Ukumbi ukanyamaza, halafu wakasimama wote kushangilia wengine wanapanda viti kuona mashine. Ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 40,000 moja na oda zikamiminika. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo CBS wakairekodi habari ya Douglas Edwards ikisomwa New York, saa 3 baadaye wakaicheza kwa watu wa magharibi kutoka Hollywood, hakuna filamu hakuna maabara. RCA wenyewe wakaachana na mbio zao wakafuata hedi nne.

Mbishi wa Mtanda (Lindi)

Mnaongea utafikiri mkanda wa kukimbia haukufika popote. Waingereza mmewaweka wapi? BBC walikuwa na mashine yao inaitwa VERA, walianza kuitengeneza 1952, hedi imetulia haizunguki, mkanda wa nusu inchi unakwenda inchi 200 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 18 kwa saa. Na haikuishia maabara, ilionyeshwa hewani kwenye kipindi cha Panorama, mtangazaji Richard Dimbleby kakaa pembeni ya saa ya ukutani anaongea, kisha wakarudisha mkanda wakamuonyesha tena na mishale ya saa inaonekana ni ya dakika zilizopita. Rili moja ikabeba dakika 15. Kwa hiyo msituaminishe kwamba bila kuzungusha isingewezekana.

Fundi Waya (Ligula, Mtwara)

Mbishi taja na tarehe basi mbona umeiruka 😂 ilikuwa tarehe 14 Aprili 1958. Miaka 2 kamili, siku ileile, baada ya Ampex kuonyesha Chicago. Na hizo dakika 15 zilihitaji mkanda wa mita 4,500 na zaidi kwenye rili ya sentimita 52. Iliwezekana ndiyo, na walipata walau kwa sababu TV yao ya mistari 405 ilikuwa na picha nyepesi, mawimbi milioni 3 yanatosha, tena wakayagawa kwenye michirizi miwili. Wangeijaribu kwa mistari 625 sijui rili ingekuwa na upana gani. BBC wenyewe wakanunua Ampex na VERA ikawekwa stoo.

Mbishi wa Mtanda (Lindi)

Kununua cha mwenzio siyo kwamba chako hakifanyi kazi. Naendelea kusimama hapohapo.

Mstaafu wa Masafa (Lindi)

Mbishi mwanangu, kufanya kazi ilifanya. Lakini mimi nimeendesha rili za inchi 15 kwa sekunde, mkanda ukikatika katikati ya kipindi unaruka unajaa miguuni kabla hujafikia swichi. Ya inchi 200 sitaki hata kuwa chumba kimoja nayo.

Ila msimpambe sana Ampex naye. Zile mashine za mwanzo kanda iliyorekodiwa kwa hedi hizi haichezi vizuri kwa hedi nyingine, ilibidi watunze kanda na hedi zake pamoja. Na hedi zenyewe zilikuwa zinakwisha haraka, saa mia hivi unazirudisha kiwandani.

Mwana wa Shangani (Mtwara)

Mi dada mgeni kwenye mambo ya ufundi, naomba niulize kitu kingine kidogo. Mzee umesema ukimaliza unafuta unatumia tena. Nyumbani kwetu kuna mtu, simtaji, alirekodi fainali ya mpira juu ya kanda ya harusi ya dada yetu mkubwa, sasa hivi bibi harusi anaingia ukumbini, anafika mlangoni, paaa, mpira wa kona. Hivi na hao wa zamani wa mashine za dola 40,000 walikuwa wanafanya hivyohivyo au wao walitunza?

Mstaafu wa Masafa (Lindi)

Binti yangu pole, lakini ndugu yako ana wenzake wakubwa. Rili moja ya saa nzima siku zile ilikuwa kama dola 300, hakuna mhasibu anayekubali ikae kabatini na kipindi kilichokwisha rushwa. Ndo uzuri wake ulivyogeuka ubaya wake. BBC walifuta vipindi kwa mamia, tamthilia yao ya Doctor Who ya miaka ya 1960 ina sehemu nyingi ambazo mpaka leo hazipo. Hata NASA, zile kanda zenye picha halisi ya Apollo 11 kama ilivyopokelewa kutoka mwezini 1969, walizitafuta miaka mingi na 2009 wakakiri zilifutwa zikatumika kwa kazi nyingine.

Na angalia maajabu. Sehemu nyingi za Doctor Who zilizobaki zimebaki kwa sababu ya ile kamera iliyochekwa kijiweni, ya kupiga picha kioo cha TV. Walikuwa wanazinakili kwenye filamu ili wauzie nchi za nje, na filamu haifutiki. Mwaka 2013 zilitangazwa sehemu 9 zilizokutwa kwenye stesheni Jos, Nigeria, zimekaa stoo tangu enzi hizo. Kwa hiyo mtambo uliodharauliwa ndo uliotunza.

Korosho Karanga (Newala)

mpira wa kona 😂😂😂 mnipe hiyo kanda niinunue

Mwana wa Shangani (Mtwara)

Asante mzee, shikamoo yako. Na Fundi Waya kaka, zipo nyingine nne hazijarekodiwa juu, ila zimekaa kwenye sanduku karibu na baharini huku miaka na miaka, ukiangalia kwenye kidirisha mkanda una unga mweupe. Naweza kuzicheza kwa deki ya huyu mleta uzi?

Fundi Waya (Ligula, Mtwara)

Dada usithubutu. Huo unga ni fangasi, joto na unyevu wa huku pwani ndo chakula chake, ukiiweka kwenye deki unaambukiza dramu na kila kanda itakayofuata, na mkanda ukiwa umegandana unachanika. Zikaushe kwanza sehemu kavu yenye hewa, siyo juani, kisha mpe fundi anayejua kufungua kasha aufute mkanda taratibu kabla haujagusa deki. Zikishacheza zihamishiwe kwenye kompyuta siku hiyohiyo maana hujui kama zitacheza mara ya pili.

Na Msaka Ming'oko, umefungua mfuniko nakujua sasa utataka kusafisha hedi. Spiriti safi kwenye kitambaa laini kisichotoa nyuzi, unakishikilia kwenye dramu kimetulia halafu unalizungusha dramu kwa mkono wako mwingine. USIPANDISHE na kushusha, kile kincha cha hedi ni chembamba kinavunjika na dramu zima linakuwa chuma chakavu. Vijiti vya masikio navyo hapana, vinaacha pamba. Wengi wameniletea deki zimekufa kwa usafi.

Msaka Ming'oko (Mtwara)

Kaka umeniwahi kijiti kilikuwa mkononi 😂

La mwisho halafu nawaacha mpumzike. Kwenye hii deki nikibonyeza pozi picha inasimama lakini inakuja na mstari wa chenga kwa juu au kwa chini, kila mara. Ni ubovu au ndo ilivyo? Na hizo Ampex za hedi nne nazo zilikuwa zinafanya hivyo?

Mwl. wa Fizikia (Ruangwa)

Siyo ubovu. Ukiweka pozi mkanda unasimama ila dramu linaendelea kuzunguka, ndo maana picha bado unaiona. Michirizi ya VHS imechorwa kimshazari, na mshazari wake umepatikana kwa dramu kuzunguka huku mkanda unasogea. Mkanda ukisimama njia ya hedi inabadilika pembe kidogo sana, inaanza kwenye mchirizi wake inamalizia kwenye wa jirani, na hapo inapovuka ndo unaona chenga. Deki za hedi nne za nyumbani ziliongezewa hedi pana kupunguza hilo.

Ampex yenyewe pozi haikuwepo kabisa. Kule michirizi 960 kwa sekunde, kila mmoja una mistari kama 16 tu ya picha, ukisimamisha mkanda una kipande cha picha, huna picha. Kwenye VHS mzunguko mmoja wa dramu ni picha nzima, kila hedi inachora nusu yake kwa mchirizi mmoja mrefu wa mshazari. Huo mshazari walikuwa wanauwaza watu wawili mbali mbali mwaka uleule wa 1953 ambao RCA wanakimbiza mkanda, Eduard Schüller wa Telefunken kule Ujerumani na Norikazu Sawazaki wa Toshiba, na ndo uliokuja kuingia kwenye mifumo ya kanda za video, U-matic 1971, Betamax 1975 na VHS 1976. Kwa hiyo deki ya baba mdogo siyo mtoto wa Ampex moja kwa moja, ni mtoto wa shangazi. Saa 3 za kanda yako ni mkanda wa mita 250 hivi.

Mbishi wa Mtanda (Lindi)

Na VERA ilikuwa inapozi?

Fundi Waya (Ligula, Mtwara)

Hedi imetulia, mkanda umesimama, nani atakuwa anamsugua nani Mbishi? Lala.